Miaka 11 sijapanda mkarafuu: nirudi vipi juu?

"Assalaamu alaykum daktari. Nina miaka 46. Nimezaliwa na kukulia shamba, Mtambwe, na tangu nina miaka 12 nikipanda mikarafuu ya marehemu baba. Baadae nikahamia Unguja, nikafungua duka Darajani, na kwa miaka 11 sikugusa mti. Mwaka huu nimerudi Pemba kwa moja. Nimerithi mikarafuu kama 30, na msimu tunautarajia baada ya wiki kumi hivi. Mwezi uliopita nikajaribu mmoja. Nilipanda vizuri hata nikajishangaa, nikakaa juu kama saa nzima nikikata matawi makavu kwa panga. Usiku ule mkono wa kulia ukaanza kuuma upande wa ndani wa kisugudi (kiwiko), na asubuhi nikashindwa kunyanyua birika la chai. Mpaka leo unauma nikikamata kitu. Ami yangu anasema mishipa imekauka, nichuliwe kwa mafuta ya karafuu kisha nirudi juu nikazoee. Rafiki yangu wa Unguja anasema ninyanyue vyuma tu. Mke wangu anasema umri umepita. Nimeongezeka kilo 14, na presha niliambiwa iko juu kidogo lakini situmii dawa. Nimsikilize nani?"

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kwanza, mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari wa kuandika dawa. Lakini Pemba kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na nimeshaacha kubishana.

Swali lako nimelisoma mara mbili, na maneno yaliyonikaa si yale ya kisugudi. Ni pale uliposema "nilipanda vizuri hata nikajishangaa". Unachoogopa wewe ni kwamba mwili umeusahau mkarafuu. Mimi kinachonitia hofu ni kwamba ubongo wako haukusahau hata kidogo. Wapi pa kuweka unyayo, lini pa kuhamisha uzito, vipi kulikumbatia shina huku mkono mwengine unatafuta tawi: hayo yakishaingia utotoni hayatoki, kama kuogelea. Dakika kumi tu zinatosha kuyaamsha. Basi kijana wa Mtambwe aliyemo kichwani mwako alimpandisha mwenye duka wa Darajani mpaka juu, akamwacha huko na mikono ambayo kwa miaka 11 mzigo wake mkubwa ulikuwa kiroba cha sukari kutoka mlangoni hadi kwenye shelfu. Ungekuwa umesahau kweli, ungekwama kwenye panda ya kwanza, ukashuka, na leo birika lisingekushinda.

Tuitazame mikono yenyewe. Ukimchuna mbuzi, karibu na kwato utaona mkanda mweupe unaong'aa, mgumu hata kisu kinateleza. Hiyo ndiyo kano, inayoufunga msuli kwenye mfupa. Nyama iliyoshikana nayo ni nyekundu, imejaa damu. Mkanda ni mweupe kwa sababu mishipa ya damu iliyomo ni michache. Kilicho na damu nyingi hujengeka upesi. Ndiyo maana mtu akianza kazi nzito, baada ya wiki tatu au nne anajihisi ana nguvu mpya: misuli imeamka, na ubongo umejifunza kuitumia. Kano bado ziko nyuma, na zinahitaji miezi. Katika pengo hilo, kati ya msuli uliokwisha kupata nguvu na kano isiyokuwa tayari, ndipo ninapopata wagonjwa wangu wengi wa umri wako.

Kuna jambo jengine kuhusu kano ambalo wengi hawalijui. Ukishaipa kazi nzito, kwa siku moja hadi siku moja na nusu ya mwanzo inabomoa nyuzi zake kuliko inavyojenga. Ujenzi unashinda baada ya hapo. Ukirudi juu kila asubuhi, kila siku unaikuta kwenye kubomoa. Kwa kijana wa miaka 20 ambaye hakuwahi kuacha, kano zimeshakomaa na anavumilia. Wewe usijipime naye.

Sasa kisugudi. Misuli mingi inayofumba vidole na kukunja kiganja inaanzia kwenye kinundu kidogo cha mfupa upande wa ndani wa kisugudi. Kipapase, utakikuta hapo hapo panapouma. Wewe ulikaa saa nzima mkono mmoja umeganda kwenye tawi na mwengine unapiga panga, na kila pigo la panga linarudi kwenye kinundu hicho. Wapanda miamba wa Ulaya na Marekani, wanaoutundika mwili mzima kwa ncha za vidole, wanaugua mahali pale pale, hasa wale walioacha miaka kadhaa kisha wakarudi kwa pupa. Kitaalamu hali hii huitwa kisugudi cha mcheza gofu. Sijapata kumwona mcheza gofu hapa kwetu, lakini wagonjwa wa kisugudi hicho ninao.

Kwa maelezo yako, hicho ndicho ninachokidhani, na kwa kawaida kinapona bila sindano. Ila kwa barua siwezi kuapa, kwa hiyo mwisho nitakutajia dalili za kukupeleka hospitali.

Nije kwa ami yako, na nitamjibu kwa adabu. Kwetu neno mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa: wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri ni mshipa. Ndiyo maana "mishipa imekauka" inaweza kuwa na maana yoyote. Kano haikauki kama kamba iliyoachwa juani. Imepungua uimara kwa kukosa kazi, na dawa yake ni kazi iliyopimwa. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachotia ganzi, na ndiyo sababu watu huyaweka kwenye jino bovu. Kupakwa kidogo, yakichanganywa na mafuta ya nazi, sina ugomvi nako. Yale makali ya kiwandani, yanayotoka kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, yasipochanganywa huunguza ngozi. Lakini pabaya zaidi ni hapo anaposema "kisha urudi juu". Maumivu ndiyo kengele pekee uliyonayo. Ukiitia ganzi halafu ukapanda, kano inaendelea kuchanika na wewe husikii. Na akikuchua, achue nyama ya kigasha. Asikikandamize kinundu chenyewe kwa kidole gumba, maana hapo anachochea moto.

Rafiki yako wa vyuma amekosea neno moja tu, nalo ni hilo "tu". Uzito ndiyo dawa, kweli. Lakini chuma cha jimu kimenyooka, hakitikisiki, hakina utelezi, na sakafu iko chini ya miguu. Mkarafuu unakudai kushika vitu vya unene tofauti kwa muda mrefu, ukiwa umejipinda, kwa unyayo mmoja. Vyuma vitakujengea msuli upesi, na nimeshakueleza pengo linavyozaliwa.

Kuhusu umri, mkeo hakupatia, lakini ameona kitu. Miaka 46 haimzuii mtu kupanda. Ninao wazee wa miaka 60 wanaochuma kila msimu, tofauti ni kwamba hawakuwahi kuacha. Yeye ameona zile kilo 14. Ni sawa na kupanda umefunga mgongoni dumu la lita 20 lililojaa zaidi ya nusu, na dumu hilo huwezi kulitua ukichoka. Tawi nalo linalibeba. Mkarafuu, unajua mwenyewe, huzaa kwenye ncha za vitawi, na mti wake ni mkavu, hukatika bila kutoa onyo la kupinda. Tawi lililokuchukua ukiwa na miaka 35 sasa lina miaka 11 zaidi, huenda limeliwa na mchwa kwa ndani, na wewe ni mzito zaidi. Usiziamini njia za zamani ndani ya mti. Kabla ya msimu zunguka miti yako yote 30 ukiwa chini, mchana kweupe, utie alama ya chokaa kwenye matawi usiyoyaamini.

Jambo ambalo hukuuliza: macho. Baada ya miaka 40 wengi wetu tunapoteza uwezo wa kuona karibu. Kama dukani ulikuwa ukisoma risiti kwa kuinyoosha mkono, basi juu ya mti kishada cha karafuu kilicho mbele ya pua hutakiona kwa wepesi ule wa zamani. Kapime. Na miwani ya kusomea usiivae ukiwa unashuka, maana itakudanganya umbali wa tawi la chini.

Tuingie kwenye wiki zako kumi. Wiki tatu za mwanzo hupandi chochote. Chukua kikoi, ukikunje kiwe mviringo unaojaa mkononi, ukibane kwa nguvu ya wastani sekunde 45, kisha pumzika dakika mbili. Rudia mara tano, mkono ukiwa umekunja kisugudi. Fanya kila siku. Kushikilia bila kusogeza huiamsha kano bila kuikera, na wengi huona maumivu yanalegea kidogo baada yake. Wiki ya pili ongeza zoezi la chupa, hili siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kaa kitako kitini, kigasha kilale juu ya paja, kiganja kitazame juu kikiwa nje ya goti, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ipandishe kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha mkono wa kulia peke yake uishushe polepole ukihesabu mpaka nne. Mara 15, upumzike, mizunguko mitatu. Usipandishe kwa mkono unaouma. Kazi yake ni kushusha. Ikiwa nyepesi, badili chupa iwe kubwa zaidi. Miguu nayo ina haki yake: panda na kushuka baraza la nyumba mara 20 kila mguu, na simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki.

Kipimo chako kiwe asubuhi ya pili. Yape maumivu alama kutoka 0 mpaka 10. Wakati wa zoezi, 3 inaruhusiwa. Ukiamka kesho yake na birika linanyanyuka kama jana, au vizuri zaidi, ulifanya sawa. Ukiamka panauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu, usiache kabisa. Kuacha kabisa ndiko kulikokufikisha hapa.

Kuanzia wiki ya nne, maumivu yakiwa yametulia, gusa mti, mara mbili kwa wiki. Miguu isiwe juu kuliko kiuno cha mtu aliyesimama chini. Dakika kumi za kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila panga. Wiki ya saba nenda mpaka miguu iwe usawa wa kichwa cha mtu, na uzoee kukaa huko dakika 20 ukibadilisha mkono wa kushikia kila mara.

Kushuka nakusisitizia kwa sababu mwenyewe kulinitia aibu. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kwa mama, nikaona shelisheli lililoiva, nikauparamia mti mbele ya wapwa zangu bila kufikiri. Kupanda, raha tupu. Nilipogeuka kushuka, paja la kushoto likaanza kutetemeka kama sindano ya cherehani, na kila nikiuteremsha mguu kutafuta tawi, goti linataka kufyatuka. Nilikaa kwenye panda pale karibu robo saa nikijifanya natazama bahari. Wapwa wakaja na ngazi bila kuulizwa, wakacheka mpaka magharibi. Sababu yake ni kwamba wakati wa kushuka msuli unafanya kazi huku unarefuka, unaubeba mwili kama breki, na kazi hiyo ndiyo inayosahaulika mwanzo na kuumiza zaidi. Wengi hupima kama wanaweza kufika juu. Wewe pima kama unaweza kushuka mara tano mfululizo bila paja kutetemeka.

Tuseme umefanya yote hayo. Msimu ukiingia, kano zako zitakuwa na wiki kumi tu, na karafuu haina subira: ikishageuka rangi ya uwaridi lazima ichumwe kabla haijafunua ua, la sivyo thamani inakwenda. Hapo ndipo watu hupanda na maumivu. Kwa hiyo uamuzi ufanye leo, kabla harufu ya karafuu haijakulevya.

Njia ya kwanza ni kuchuma mwenyewe miti yote. Kwa mwaka huu siioni, na nasema bila kuzungukazunguka. Njia ya pili ni kuwaachia wachumaji wa kulipwa kwa pishi kila kitu, wewe usimamie majamvi na mizani. Ni salama, lakini inakula mapato, na mwakani utakuwa pale pale na miaka 12 ya kutopanda. Ninayoipendelea ni ya katikati: wewe uchume sketi ya chini ya mti, kwa ngazi iliyofungwa kwenye shina na mtu wa kuishika, miguu isipite mita tatu, siku moja ndani siku moja nje, vilele wapewe vijana wanaolipwa. Siku za nje huna haja ya kukaa bure, kuna kuchambua makonyo na kuanika. Ngoe itumie kwa kuvuta tawi taratibu tu. Kulivuta kwa nguvu za kifua kunakirudisha kisugudi mwanzo, na kukivunja kitawi ni kulivunja zao la baadae. Mwakani, ukiendelea na mazoezi mwaka mzima, tutazungumza habari ya kupanda juu zaidi. Na mwanao wa skuli usimpandishe kwa niaba yako. Mifupa yake bado inakua, na anguko halijui mwenye shamba.

Mvua ikinyesha, hata manyunyu, hakuna kupanda mpaka gome likauke.

Kamba ya kiunoni siipendi. Ukining'inia nayo inakubana tumbo na mbavu mpaka pumzi inakata. Ukiweza kupata mkanda wa usalama, ule wa mafundi wa nguzo za umeme unaoshika mapaja na kifua, ufunge kwenye shina, si kwenye tawi, usawa wa juu ya kichwa, kwa kamba fupi ili ukiteleza usishuke hata nusu mita. Najua utachekwa. Anayeanguka kutoka mita tano anaifikia ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa, kama aliyerushwa na pikipiki, bila kofia. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba karafuu, na hospitali za Pemba ndizo zinazobeba wanaoanguka. Nimekaa na vijana waliovunjika uti wa mgongo, nikawafundisha kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Hiyo si kazi ninayotaka kuifanya nawe.

Na mwengine akianguka shambani mwako, usikubali abebwe mikono na miguu kama gunia, wala akalishwe apewe maji. Mwacheni alale alivyo, mtu mmoja akishike kichwa kisigeuke, muulizeni kama anahisi vidole vya miguu na anaweza kuvichezesha. Tafuteni mlango au ubao mpana, mumhamishe kwa pamoja, mgongo umenyooka, aende hospitali moja kwa moja. Mganga wa mifupa asiguse mgongo wala shingo.

Kwako wewe, wiki hii hii kabla ya zoezi lolote, nenda Hospitali ya Wete ukapimwe presha na sukari. "Juu kidogo" si kipimo, nataka tarakimu. Presha haina maumivu, lakini kizunguzungu cha sekunde tatu ambacho dukani ungekipitisha kwa kuegemea kaunta, juu ya mti hakina pa kuegemea. Ukianzishiwa dawa, wiki za mwanzo usipande, maana baadhi yake humpa mtu kizunguzungu anaponyanyuka. Sukari nayo ikikaa juu miaka mingi huua hisia za nyayo, na mchumaji huuona mti kwa nyayo kuliko kwa macho.

Kisugudi kionwe na mtu ana kwa ana kama kidole kidogo na cha pili yake vinakufa ganzi, kama mkono unaangusha vitu, kama panakuamsha usiku, kama pamevimba na kuwa na joto, au kama wiki sita za chupa na kikoi hazikubadilisha kitu. Ukisikia mlio kwenye kidole kama kijiti kinachokatika, kisha kikavimba au kikakataa kukunja, usingoje hata siku moja. Na kifua kikibana wakati wa kupanda baraza, acha hapo hapo. Hayo hayahusu kano tena, ni ya daktari, na ni ya siku ile ile.

Wiki ya sita niandikie tena, unieleze birika la asubuhi linanyanyuka vipi.